Omnibus, Kobe wa Kasomeno

Lubumbashi, Katuba
29 Oktoba 1991

Mume wangu mzee, babu yangu, Nkambo Edouard,

Pokea salamu nyingi za mjukuu wako. U mzima? Goti la kushoto linasemaje tangu mawingu yaanze kujikusanya? Na mihogo je? Sisi hapa, mama na mimi, tu wazima, ingawa wiki iliyopita tulikaa sakafuni siku tatu kwa sababu ya risasi. Najua habari zitakuwa zimekutangulia huko Kasomeno: askari walianza kupora maduka ya mjini, raia wakafuata, na sasa katikati ya mji ukiona dirisha lenye kioo unasimama kulitazama. Wazungu wameondoka kwa msafara kwenda Zambia. Shule yetu imefungwa. Kwa hiyo mkeo ni mwalimu wa bayolojia asiye na darasa.

Sasa sikia shida yangu na usicheke. Unamkumbuka Madame Odile, yule Mbelgiji aliyenifundisha, kisha tukawa tunafundisha pamoja? Alipewa saa moja kufunga mizigo. Alituma mtu kuniita, nikamkuta kwake kule mtaa wa Golf amesimama uani na sanduku moja, kando yake kobe wake. Si kobe wa kuokota njiani, Nkambo. Huyu ana kilo kumi na nane, mgongo umeinuka kama sufuria ya harusi, rangi ya mahindi makavu yenye madoa meusi ya chui. Miaka kumi na tisa Madame amempima kila Jumapili. Akanipa daftari la vipimo vyote, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Bénédicte, usiache aliwe." Gari likapiga honi, akaenda.

Nilimsukuma kobe kwenye mkokoteni wa pus-pus kutoka Golf mpaka Katuba, nimemfunika kitenge. Barabara nzima watu wamebeba friji, viti vya ofisi, mmoja alibeba mlango na fremu yake. Kwenye kizuizi askari akanisimamisha.

"Weye mama, iko nini chini ya kitenge?"

"Ni kobe, shefu."

Akafunua. Kobe akatoa kichwa, wakatazamana. Askari akawaita wenzake: "Mukuye muone! Bantu bote banabeba bafrigo, huyu anabeba kobe! Pita, mama, pita. Weye uko mugonjwa ya kichwa."

Tumefika salama, lakini hapa hatakaa. Mtaa una njaa, na jirani wa kulia ameniuliza mara mbili kama nina chumvi ya kutosha. Nakuambia wazi: kazi imekwenda, mji umekwenda, na huyu kobe ndiye kitu kimoja nilichokabidhiwa kikiwa kizima. Akiliwa, sitakuwa na jibu kwa Madame wala kwangu mwenyewe. Umpokee, nakuomba.

Ataletwa na Vital, yule mfanyabiashara wa Butembo anayefuata samaki Kasenga. Anakula majani, maua ya maboga, uyoga. Hali nyama. Usimnyanyue kwa ghafla: akishtuka humwaga mkojo wote, na huo ndio maji yake ya akiba ya kiangazi. Mpime kila Jumapili. Na usimpake wala kumtoboa ganda kwa sababu yoyote.

Mjukuu wako, na mke uliyemwoa bila mahari,
Bénédicte

*

Kasomeno
24 Novemba 1991

Mke wangu Bénédicte,

Salamu kwako na kwa mama yako. Goti linakusalimu pia, linasema mvua ni nyingi. Mihogo imeshika. Nimefurahi kujua mko hai, nilikuwa sipati usingizi wa maana tangu redio iseme.

Mgeni wako alifika Jumanne saa nane na robo mchana, ndani ya nusu pipa, baada ya saa kumi na tatu za njia mbaya. Vital aliimba nyimbo za kanisa safari nzima na anadai kobe alitulia kwenye sauti ya besi. Kijana mzuri. Hanywi pombe, lakini hakuna mtu asiye na kasoro.

Kabla hatujamshusha, jirani yangu Chileshe alikuwa tayari na sufuria. "Baba Edouard, hii nyama tutakula siku gani?" Nikuambie ukweli, na mimi nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Kwetu Kabalo tuliwala wadogo zake na hatukuomba radhi. Lakini uliniomba wewe. Nikamjibu Chileshe: "Hii haiko nyama. Hii iko mali ya reli." Watu wakarudi nyuma. Treni hapa hazifiki, na hata kule kwenye reli zimekuwa adimu, lakini mali ya reli bado inaogopwa.

Unajua nilikuwa shefu wa gare, mkuu wa kituo cha treni, miaka ishirini na sita. Siwezi kupokea kitu bila kukiandika. Nilitoa rejista yangu ya mwisho, ile iliyobaki na kurasa tupu, nikampa jina Omnibus, maana ile ndiyo treni iliyosimama kila kituo hata kama hakuna abiria. Kila siku naandika. Jana: kutoka kibandani saa kumi na mbili na dakika kumi, kuwasili kwenye maboga saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili, kusimama bila sababu, dakika arobaini. Nimempima kwenye mizani ya Musonda mchinjaji: kilo kumi na saba na nusu. Huenda ni safari.

Mambo mawili. La kwanza, nimemfumania nyuma ya bucha akitafuna mfupa wa mbuzi. Uliniambia hali nyama. La pili, nilimpaka namba mgongoni, 114, kwa rangi nyekundu ya mabehewa. Imetoka vizuri sana. Mwisho wa barua yako niliusoma baadaye.

Mume wako,
Nkambo Edouard

*

Lubumbashi, Katuba
12 Januari 1992

Nkambo wangu mkaidi,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini wewe ni mzima, maana nataka nikugombeze ukiwa na nguvu. Mama anakusalimu, ana kikohozi lakini anapona. Mimi nauza maandazi asubuhi na kufundisha watoto saba wa jirani chini ya paa la gereji mchana. Walimu wanasema mwaka huu wa shule utafutwa wote.

Namba 114! Nkambo, ganda si sanduku alilovaa. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo, ina damu na ina fahamu. Mguse kwa kidole hapo mgongoni, atajua umegusa wapi. Sasa usikwangue! Iache ichakae.

Na mfupa, usimshtaki. Anatafuta chokaa ya kujengea ganda. Mbona wanawake wajawazito hapa wanatafuna udongo mweupe na humwiti mtu mwizi?

Nimesoma rejista uliyoninakilia mbele ya wale watoto saba. Walipofika "kusimama bila sababu, dakika arobaini" walicheka mpaka mwenye gereji akaja kuuliza. Sasa kila siku wanadai habari za Omnibus kabla ya hesabu. Endelea kuandika, tafadhali. Ndiyo somo pekee la bayolojia katika mtaa huu.

Mkeo anayekukasirikia kidogo tu,
Bénédicte

*

Kasomeno
1 Machi 1992

Mke wangu mkali,

Salamu. Mimi mzima, mama yako apone upesi, mwambie achemshe majani ya mpera. Watoto saba wasalimie, na uwaambie shefu wa gare hacheki kazini.

Namba imeanza kubanduka. Nimemgusa mgongoni kama ulivyosema, karibu na mkia. Aligeuza kichwa upande ule ule. Nilimwomba radhi. Chileshe alinisikia, na sasa ananisimulia kila mahali.

Nina ajali ya kuripoti. Tarehe 17 Februari, saa tatu asubuhi, kobe mwingine alitokea porini, wa aina ile ile lakini mdogo kidogo, bila kibali. Akaja moja kwa moja na kumgonga Omnibus ubavuni. Ganda kwa ganda, sauti ilifika mpaka kwa Musonda. Akarudi nyuma, akamgonga tena. Mara nne! Bibi yangu, katika miaka ishirini na sita sikugonganisha hata toroli. Nilichukua bendera nyekundu na ufagio, nikasimama kati yao. Nikamrudisha yule porini kwa mkono. Kesho yake amerudi. Siku sita mfululizo nimezuia mgongano, mara nyingine mara tano kwa siku, na goti hili. Omnibus mwenyewe hatoki njiani, anatembea polepole kama anamngoja. Sasa nimeweka vizuizi vya magogo pande zote. Andika haraka: yule mwenzake ana wazimu?

Mume wako aliyechoka,
Nkambo Edouard

*

Lubumbashi, Katuba
19 Machi 1992

Nkambo wangu mpendwa,

U mzima? Sisi ni wazima, na mama amepona kwa kucheka. Nilimsomea barua yako akaanguka kitini.

Nkambo, ile si ajali. Ile ni harusi! Ndivyo madume wanavyobisha hodi. Na Omnibus wako, basi, ni jike. Madame aliandika "dume?" kwenye ukurasa wa kwanza na alama ya kuuliza haikuondoka miaka kumi na tisa. Wewe umetupa jibu kwa ufagio. Ondoa magogo hayo leo hii, na umwombe radhi yule bwana harusi uliyemfukuza siku sita.

Wakikubaliana, sikiliza kwa makini. Siku moja atachagua mahali penye jua, atageuka na kuchimba kwa miguu ya nyuma. Ardhi ikiwa ngumu atamwaga maji yake mwenyewe ili ilainike. Ataweka mayai, meupe na ya mviringo, atayafukia, kisha atashindilia kwa tumbo. Na hatayatazama tena maisha yake yote. Wewe pia usiyaguse. Usiyageuze kama ya kuku, mtoto aliye ndani atakufa. Ngoja miezi minane, kumi, hata zaidi ya mwaka. Mvua ndiyo inayolainisha udongo ili waweze kutoka.

Oh, Nkambo! Nilikuwa naomba tu asiliwe. Sikuwaza haya kabisa.

Mkeo mwenye furaha,
Bénédicte

*

Lubumbashi, Katuba
2 Juni 1992

Nkambo,

Salamu. Hii ni barua ya pili bila jibu. Vital anasema alikupungia mkono ukiwa shambani na kwamba ulijifanya hukumwona. Wewe ni mgonjwa? Au ni Omnibus? Niambie tu.

Bénédicte wako

*

Kasomeno
10 Agosti 1992

Mjukuu wangu Bénédicte,

Nakusalimu. Leo sikuiti mke wangu, sistahili. Mwili hauna ugonjwa. Nilinyamaza kwa aibu.

Nianze na zuri. Tarehe 2 Mei saa kumi jioni Omnibus alichimba karibu na kichuguu, kama ulivyoandika, maji na yote. Nilikaa hatua kumi kutoka hapo saa mbili nzima bila kukohoa. Mayai kumi na moja. Alishindilia kwa tumbo, pu, pu, pu, mpaka mimi mwenyewe ningepapoteza mahali pale. Niliweka mataruma manne ya zamani ya reli kuzunguka, na bendera.

Sasa baya. Mwisho wa Mei niliketi kukuandikia hayo. Siku hiyo hiyo wachoma nyasi wa ng'ambo ya barabara walishindwa na moto wao, ukaja mpaka ua wangu. Tulizima na Chileshe na watu wote, kwa matawi. Nyumba ilipona. Nilipogeuka, kibanda cha Omnibus kilikuwa majivu, naye hayupo. Nilimtafuta siku tisa. Nilifuata nyayo mpaka mtoni zikaishia. Sijui kama alivuka, kama aliungua, au kama yuko kwenye chungu cha mtu. Uliniomba jambo moja tu katika maisha yako yote, nami nimelipoteza.

Udongo juu ya mayai umekauka kama tofali. Mimi nakaa hapo. Mbwa wanafukuzwa, kenge wanafukuzwa, nguruwe wa Chileshe wanafukuzwa, na mara mbili nimemfukuza Chileshe mwenyewe.

Nisamehe.
Nkambo Edouard

*

Lubumbashi, Katuba
6 Septemba 1992

Mume wangu,

Ndiyo, mume wangu. Sikukubali talaka.

Barua yako nililia nikiisoma, sitaficha. Nikalia tena kesho yake, safari hii kwa sababu nyingine. Kalonji, aliyefundisha kemia mlango wa pili wa darasa langu, mzaliwa wa hapa hapa lakini asili yake Kasai, anafungasha. Wakubwa wa jimbo wanawaambia watu wa Kasai warudi kwao. Huko Likasi familia zimelala kituoni wiki nzima na masufuria yao, zikingoja behewa. Uliombea treni zirudi, Nkambo. Si kwa kazi hii. Nilimpa Kalonji mkate na kitenge.

Ndiyo maana siwezi kukukasirikia kwa sababu ya moto. Kobe hawa wanajua kuogelea, na wanajua njia. Daftari la Madame linasema aliwahi kutoroka na kurudi mwenyewe baada ya wiki tano. Pengine amekwenda kutafuta alikotaka siku zote. Mayai kumi na moja bado yako, nawe umeketi juu yake. Kazi uliyonikubalia haijaisha.

Kula vizuri. Mama anasema umsamehe Chileshe.

Bénédicte

*

Kasomeno
20 Desemba 1992

Mke wangu,

Salamu za Noeli. Umenirudishia usingizi. Chileshe amesamehewa, analeta bukari, ugali wetu, kila mchana na tunakula tukitazama udongo. Mtu asiyejua angesema tumefiwa.

Mvua zimeanza tangu Novemba na hakuna kitu. Miezi saba na siku kumi na nane. Rejista inasema "amechelewa" kila siku. Musonda anasema mayai yameoza. Chileshe anasema wamo hai lakini udongo umewafungia, na tukingoja watakufa ndani. Nimeshika jembe mara tatu. Nikichimba, huenda nawaua. Nisipochimba, huenda nawaua. Nikikosea tena sitajua niuweke wapi uso wangu.

Shefu wa gare haruhusu treni kutoka mpaka gare ya mbele imjibu kwamba njia ni wazi. Gare ya mbele ni wewe. Nangoja jibu. Lakini daraja limevunjika na Vital hajui atapita lini.

Nkambo Edouard

*

Lubumbashi, Katuba
15 Januari 1993

Nkambo,

Usichimbe! Salamu baadaye. Miezi saba ni mapema, na mwaka jana kiangazi kilikuwa na baridi, itawachelewesha zaidi. Njia haiko wazi. Ngoja.

Barua yako imenifikia leo, na Vital anasema daraja bado. Nimeandika nakala tatu za barua hii: moja kwa Vital, moja kwa Padre Anaclet wa hapa Katuba anayekuja huko, moja kwa mwendesha baiskeli wa makaa. Labda mojawapo itakufikia kabla ya jembe. Naogopa, Nkambo.

Bénédicte

*

Kasomeno
21 Februari 1993

Mke wangu, mwanga wa macho yangu,

Nakusalimu mara saba, na utaona kwa nini.

Nakala zako zote tatu zilifika siku moja, jana, baiskeli ikiitangulia kamyo, lori la Vital lililomleta na Padre Anaclet, kwa dakika ishirini. Hazikuwa na kazi tena. Sikuchimba. Nililifungia jembe kwa Padre wetu wa hapa na kumpa ufunguo, maana mikono yangu naijua.

Tarehe 14, Jumapili, mvua ilipiga tangu alfajiri, ile ya kuzuia watu kwenda misa. Ilipokatika nilikwenda kuangalia. Udongo ulikuwa umepasuka, tundu la kupitisha kidole gumba. Nikaona pua. Bénédicte, pua! Nikaita, Chileshe akaja mbio na kijiko cha bukari mkononi. Wa kwanza aliwasili saa nne na dakika tano. Wa pili saa nne na dakika thelathini. Mpaka saa tisa, saba. Mayai manne hayakutoa kitu, nimeyazika ndani zaidi. Kila mmoja anakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki, wa njano, madoa yamechorwa upya kama jana. Chileshe alilia, yule yule wa sufuria. Akasema, "Baba, hii hapana nyama. Hii iko batoto." Mimi pia nililia, andika hivyo.

Nilidhani watanizunguka, kama vifaranga. Hapana. Walitulia kidogo juani, kisha kila mmoja akashika njia yake, hakuna aliyeuliza kitu, hakuna aliyemfuata mwenzake. Nilitaka kuwajengea ua. Nikakaa chini nikafikiri, nikaacha. Watano wameshaingia porini. Wawili wako bado chini ya majani ya maboga na kila asubuhi nawatafuta kabla ya kunawa uso.

Hawa wawili sijui watakaa mpaka lini. Daraja limetengenezwa. Njoo.

Mume wako,
Nkambo Edouard

*

Lubumbashi
26 Februari 1993

Nkambo,

Sijambo, na hali yako nitaiona mwenyewe, kwa hiyo sikuulizi. Naandika nikiwa nimeketi kwenye kamyo ya Vital, kati ya magunia ya chumvi, tunangoja wamalize kupakia. Mama anakusalimu, amenifungia maandazi yako. Watoto saba wa gereji walipiga kelele mpaka barabarani, kisha wakagombana kobe yupi mdogo aitwe jina la nani. Kwa Madame nimeandika Ubelgiji, ukurasa mmoja: Hakuliwa. Amezaa. Sijui yuko wapi. Ni hayo tu niliyo nayo, na yote ni kweli.

Barua hii simpi Vital aibebe. Nitakukabidhi mwenyewe pale maboga yalipo. Usinisimulie chochote kwanza. Vaa miwani, uisome yote kwa sauti, polepole, mimi nikiwa nimesimama mbele yako, na ukifika kwenye jina langu, inua macho.

Bénédicte